Sura ya Saba: Mvua Ilichukua Saa Tatu

Anayetafuta kazi Bukoba ana mpinzani asiyetajwa kwenye tangazo lolote la ajira, naye ni mvua ya asubuhi. Mvua hiyo ina utaratibu wake. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo ukavuma kutoka kingo zote za Ziwa Victoria na kukutana katikati ya ziwa. Hewa yenye unyevu hupanda, mawingu ya radi yakajijenga gizani, kisha upepo utokao mashariki ukayasukuma magharibi, yaani kwetu. Yanapotufikia ni alfajiri, au saa moja, au saa mbili. Kwa mwaka mji huu hupata takriban milimita 2,000 za mvua, zaidi ya mara tatu ya zile za Dodoma, na nyingi hushuka saa zile zile ambazo mtu anatakiwa awe njiani.

Kalenda yake nayo inajulikana. Masika huanza Machi na kufika kileleni Aprili. Julai mji hupumua. Vuli huingia Oktoba na kwenda hadi Desemba. Sura hii inaiangalia zaidi vuli, kwa sababu ndiyo miezi ambayo fedha ya kahawa imekwisha majumbani, tena ndiyo miezi ambayo mtu huuangalia mwaka unavyoisha akajiona amebaki nyuma ya wenzake.

Tuchukue asubuhi moja ya Novemba pale Kashai. Umeamka saa kumi na moja. Shati limepigwa pasi tangu jana, vyeti vimo ndani ya faili, na umepanga kupeleka barua katika ofisi mbili kisha kumwona mtu mmoja. Saa kumi na mbili na robo bati linaanza kulia. Unangoja. Saa moja na nusu, ofisi za serikali zinapofunguliwa, maji yanapita uchochoroni, bodaboda karibu wote wamejificha, na huyo mmoja aliyebaki ametaja nauli mara mbili ya kawaida. Ukisema upite mtaa wa Matopeni kwa miguu, suruali itafika mjini ikiwa na hali ambayo hakuna karani atakayeisahau. Saa mbili unajilaza kidogo. Saa nne na nusu mvua imekatika na jua limetoka, lakini wewe umeshatamka: "Leo imeshaharibika."

Hebu tupige hesabu. Ofisi zitafungwa saa tisa na nusu alasiri. Mvua ilichukua saa tatu za kazi. Neno lako lilichukua tano.

Watu wengi wakifika hapo hujilaumu kwamba ni wavivu au hawana moyo. Nadhani wanakosea mahali pa kuutafuta huo moyo. Wanautafuta kifuani, kana kwamba ni kitu ambacho mtu huamka nacho au huamka bila kuwa nacho. Moyo wa kutafuta kazi unatoka zaidi kwa watu: kwa anayekusubiri, anayekuuliza umefika wapi, anayekupa habari, anayekuona umevaa vizuri akakuuliza unaelekea wapi. Mvua inapokufungia ndani, hao ndio inaokuondolea. Kwa hiyo atakayeweza kuvuka vuli ni yule atakayepanga namna ya kuonana na watu hata siku ambazo mvua imeamua vingine.

Kijiji kilichofungiwa kiwanda

Hali hii ya mtu kukaa bila kazi ilichunguzwa zamani, mbali sana na mkoa wetu wa Kagera. Karibu na Vienna, nchini Austria, kulikuwa na kijiji cha Marienthal kilichoishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Kati ya 1929 na 1930 kiwanda kilifungwa, na karibu kijiji chote kikabaki bila kazi. Mwaka 1931 watafiti wakiongozwa na Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walianza kuwachunguza watu hao katika baridi ya mwaka ule, na mwaka 1933 wakachapisha kitabu.

Mtu angetarajia kwamba watu wenye muda mwingi wangeutumia. Watafiti waliona kinyume. Maktaba ya kijiji iliondoa ada ya kuazima, lakini vitabu vilivyoazimwa vilipungua karibu nusu kati ya 1929 na 1931. Wanaume walitembea polepole barabarani na kusimama mara nyingi, ilhali hapakuwa na anayewachelewesha. Walipoombwa waandike walivyoitumia siku, wengi walikumbuka kuamka, kula na kulala. Saa zilizobaki hazikuwa na la kuandikwa. Wanawake walikuwa tofauti. Nao hawakuwa na mshahara, lakini walitembea haraka, kwa kuwa watoto walihitaji kula na nguo zilihitaji kushonwa. Kulikuwa na mtu anayewangoja.

Miaka mingi baadaye, katika kitabu cha 1982, Jahoda alieleza kwamba kazi humpa mtu vitu vitano mbali na fedha: mpangilio wa saa zake, watu wa kukutana nao nje ya familia, lengo analoshirikiana na wengine, nafasi katika jamii, na jambo la kufanya kila siku. Asiye na kazi hupoteza vyote vitano siku moja na mshahara. Hii inatusaidia sana, maana mshahara huwezi kujilipa mwenyewe, lakini hivi vitano unaweza kujirudishia sehemu yake kubwa kabla hujaajiriwa, na bila kumwomba mtu ruhusa. Mpangilio wa saa na watu wa kukutana nao ndivyo vya kuanza navyo, kwa kuwa ndivyo mvua inavyovigusa kwanza.

Kazi za mvua na kazi za jua

Ukijua kwamba mvua yako huja asubuhi, acha kupanga safari za asubuhi kana kwamba unaishi Dodoma. Gawa shughuli zako mafungu mawili. Za mvua ni zile zinazofanyika mezani. Za jua ni zile zinazotaka miguu. Saa kumi na mbili hadi saa nne ni za fungu la kwanza. Saa nne na nusu hadi saa tisa na nusu ni za fungu la pili. Siku ambayo haikunyesha umepata nyongeza. Siku ambayo imenyesha hujapoteza kitu, kwa sababu ulikuwa mezani kwa hiari yako.

Fungu la mezani si dogo kama linavyodhaniwa. Chukua maombi ya kazi za serikali tu, yanayopitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa mfumo wa Ajira Portal. Waombaji huangushwa na mambo madogo kabla sifa zao hazijaangaliwa. Jina kwenye kitambulisho cha NIDA halifanani na jina kwenye cheti cha kidato cha nne. Barua haikusainiwa. Mwombaji ameambatisha matokeo ya muda wakati tangazo limetaka cheti chenyewe. Wadhamini watatu wameandikwa, mmoja wao alishabadili namba ya simu na mwingine hana habari kwamba ametajwa. Vyeti havikuthibitishwa na mwanasheria pale vilipotakiwa kuthibitishwa. Yote haya yanakaguliwa nyumbani, bati likilia. Tena barua andika kwanza kwenye daftari au kwenye simu bila intaneti. Radi ikikata umeme au mtandao ukiyumba, kazi yako ipo, na bando lako halikuliwa na kusubiri.

Fungu hilo lina maandalizi ya usaili pia. Serikalini usaili huwa na hatua: wa mchujo, ambao mara nyingi ni wa kuandika, wa vitendo kwa baadhi ya kada, na wa mahojiano. Wengi hungoja waitwe ndipo waanze kusoma, wakati muda umeshabaki siku chache na akili yote iko kwenye nauli. Asubuhi ya mvua ni darasa la bure la kurudia uliyosoma chuoni. Na ukifaulu usaili nafasi zikawa zimejaa, jina huweza kuhifadhiwa kwenye kanzidata na kupangiwa nafasi ikitokea. Usaili uliofanya vizuri unaweza kukulipa baadaye.

Lakini usikae mezani peke yako. Tafuta wenzako wawili au watatu wanaoishi umbali wa kutembea ukiwa na mwavuli au hata kwa kujifunika turubai, mkutane kwa mmoja wao asubuhi mbili au tatu kwa wiki. Mmoja atawasha hotspoti, mtachangia bando. Mmoja atasoma barua ya mwingine na kuona kosa ambalo mwenyewe ameliruka mara tano. Mtaulizana maswali ya usaili hadi kigugumizi kiwatoke. Na kubwa zaidi, saa kumi na mbili bati likilia utakuwa na sababu ya kuamka: kuna mtu amechemsha chai, anakungoja.

Kikundi kama hicho kinaweza kukua. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Mkopo hutolewa zaidi kwa vikundi, na kikundi kinachokutana kweli, chenye daftari la mahudhurio na akiba, hakihitaji kujitungia historia kikifika kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Hata kama lengo lenu ni ajira, mlango huo msiufunge.

Nani hasa huleta habari ya kazi

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha makala iliyokuja kusomwa sana. Alikuwa amewauliza watu wa Newton, Massachusetts, waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, walikuwa wakionana na mtu huyo mara ngapi. Chini ya mmoja kati ya watano walisema mara kwa mara. Zaidi ya nusu walisema mara moja moja. Waliosalia, zaidi ya robo, walisema kwa nadra sana.

Sababu yake inaeleweka. Rafiki yako wa karibu anajua unachokijua. Mnaishi mtaa mmoja, mlisoma pamoja, kundi lenu la WhatsApp ni lile lile. Habari mpya hutoka kwa mtu wa pembeni: aliyekuwa fundi wa nyumba ya mjomba wako na sasa anafanya kazi kwa mkandarasi, mwalimu aliyehamia Muleba, dada uliyeimba naye kwaya moja kabla hajaenda Kemondo. Hawa huwatafuti kwa makusudi. Unakutana nao njiani, sokoni, kwenye mazishi, baada ya ibada, barazani kwa muuza duka.

Ndiyo hasara kubwa ya kukaa ndani miezi mitatu. Marafiki zako wa karibu watakuja hata kwenye matope. Watu wa pembeni utawapoteza, na pamoja nao habari.

Mvua hata hivyo ina upande wake mwema. Ikikukuta njiani Kashai, utakimbilia baraza la duka lolote, na hapo utasimama nusu saa na watu ambao usingesimama nao siku ya jua: mwenye pikipiki, mama wa ndizi, karani aliyekuwa anawahi ofisini, fundi aliyebeba vifaa vyake. Wote hawana pa kwenda, na mazungumzo huanza yenyewe. Wengi huutumia muda huo kuinamia simu. Wewe salimia. Si lazima useme unatafuta kazi. Uliza mtu anafanya nini na kazi yake inaendaje msimu huu. Akikuuliza wewe je, uwe na jibu la sentensi moja. "Nimesomea umeme wa majumbani, natafuta fundi wa kufanya naye kazi" linakumbukwa. "Nipo nipo tu" halimsaidii hata mwenye nia njema.

Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, walisema wahenga. Sharti lake ni kwamba awepo upwani.

Barua isiyojibiwa

Kinachovunja watu zaidi ya mvua ni ukimya. Umeomba nafasi, umengoja, hakuna neno. Ukimya ukirefuka mtu hujitungia jibu mwenyewe, na jibu hilo huwa baya: mimi sifai.

Mwanzoni mwa 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596. Maombi yaliyopokelewa yalikuwa 135,027. Gawanya, utaona kila kiti kimoja kiligombewa na watu wapatao 85. Hata kama wote 85 wangekuwa hodari, 84 wangerudi nyumbani. Asiyeitwa hapo hakuhukumiwa. Wingi wa watu umempita.

Kwa hiyo usipime wiki yako kwa majibu uliyopokea, maana hayako mkononi mwako. Ipime kwa uliyoyatoa: maombi yaliyokamilika, watu uliozungumza nao, ujuzi uliofanyia mazoezi. Yaandike kwenye daftari, kila siku mistari miwili. Watu wa Marienthal hawakuweza kukumbuka siku zao. Daftari litakukumbukia, na mwezi ukiisha utaona kama unaomba kazi za aina moja tu zisizokuitika, au kama kuna mtu uliyemwahidi kitu ukasahau.

Jihadhari pia na matapeli, kwa sababu huwapenda watu waliochoshwa na ukimya. Anayekuambia nafasi ipo ila utume kwanza fedha ya fomu, ya mafunzo au ya "kumwona bosi", anakuibia. Kuomba kazi serikalini ni bure, na mwajiri wa kweli hakutozi ili akusome. Hapo ndipo wenzako wa asubuhi wanapokuokoa: kabla hujatuma hata shilingi, waonyeshe ujumbe huo.

Fedha ya msimu

Moyo hauwezi kutenganishwa na mfuko. Kagera kahawa huvunwa kuanzia karibu Mei hadi Septemba, ikapitia vyama vya ushirika vya msingi na vyama vikuu kama KCU. Fedha hiyo hulipa ada, madeni na bati la jikoni. Ikifika Novemba, nyumba nyingi zinahesabu sarafu, na kijana anayeomba nauli anaona aibu hata kufungua mdomo.

Hapa kuna mtego mmoja wa kwetu unaofaa kutajwa waziwazi: butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa ili upate fedha ya haraka. Serikali imekuwa ikiipiga marufuku, na familia nyingi zinajua inavyouma mavuno yanapofika yakachukuliwa na mtu mwingine. Usimsukume mzazi huko kwa ajili ya nauli ya usaili. Fedha ya usaili ianze kuwekwa mapema, kidogo kidogo, kutokana na jasho lako, na vuli yenyewe ina pa kulipatia jasho hilo.

Novemba na Desemba senene, wale panzi wetu wa kuliwa, wanashuka. Usiku, taa kali huwashwa juu ya mabati yaliyosimamishwa, senene wakaparamia na kuteleza hadi ndani ya mapipa. Anayewasha taa anahitaji watu wa kukesha naye, asubuhi anahitaji wa kunyonyoa mabawa na miguu, kisha wa kupeleka sokoni na wa kufungasha kwa wateja wa Mwanza na Dar es Salaam ambao hawakubali mwaka uishe bila kuwaonja. Zamani kazi ya kuwaokota ilikuwa ya wanawake, ingawa mila iliwakataza kula. Leo ni biashara ya yeyote mwenye usingizi mwepesi.

Kijana mwenye shahada anaweza kuona kukesha kwenye mapipa ni kujishusha. Tuiangalie kwa vitu vile vitano vya Jahoda: ina saa zake, ina watu, ina lengo la pamoja, na ina fedha juu yake. Hata ratiba haigongani sana, kwa kuwa aliyekesha hulala asubuhi isiyo ya kikundi, wakati wa mvua, akaamka saa nne mji unapofunguka. Sharti ni moja: weka idadi ya usiku kwa wiki na usiizidishe, kisha sehemu ya fedha itenge siku ile ile kwa ajili ya bando, nakala za vyeti na nauli. Bila hivyo msimu utakwisha, senene wataondoka, na utakuta hukutuma ombi hata moja.

Maneno ya nyumbani

Kuishi na wazazi ukiwa huna kazi ni shida ya pekee. Mama anauliza kwa upendo, "Mwanangu, umefikia wapi?" Anauliza Jumatatu, anauliza Jumatano. Kila swali linakukuta huna jipya, unajibu kwa mkato, naye anaumia. Baada ya wiki kadhaa unaanza kutoka asubuhi ili tu usikutane naye, au unajifungia chumbani.

Mpe taarifa kabla hajauliza, kwa siku maalumu. "Mama, kila Jumapili baada ya chakula nitakueleza nilichofanya wiki nzima na ninachopanga. Katikati ya wiki nikikaa kimya usidhani nimekata tamaa." Siku ikifika, eleza kutoka kwenye daftari. Utashangaa jinsi mzazi anavyotulia akijua kuna siku ya kuambiwa, na jinsi wewe unavyojituma Ijumaa ukijua Jumapili inakuja. Tena mzazi aliyeelezwa vizuri huwa mjumbe wako. Mama anayesema kwenye jumuiya yake, "Kijana wangu ni wa maabara, anatafuta hata pa kujitolea," amefika mahali ambapo barua yako isingefika.

Na fanya kazi za nyumba bila kusubiri kuambiwa. Kibanja kina majani ya kukatwa na migomba ya kupunguzwa. Kazi hizo hazikulipi, ila zinakurudisha mezani ukiwa mtu aliyefanya kitu.

Desemba si mwezi wa kupumzika

Wengi husema Desemba hakuna anayeajiri, afadhali kungoja Januari. Ofisi kweli hupoa, lakini Kagera Desemba ina kitu ambacho miezi mingine haina. Wenyeji walioko Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na hata ng'ambo huja nyumbani kwa Krismasi na mwaka mpya. Wale watu wa pembeni wa Granovetter, ambao mwaka mzima uko mbali nao, wanakaa wiki mbili kijijini kwenu au nyumba ya tatu kutoka kwenu.

Wanaporudi, wengi huombwa kazi na fedha tangu wanaposhuka kwenye basi, na hujifunza kukwepa. Usiwe mmoja wa foleni hiyo. Msubiri apumzike, msalimie kwa heshima, kisha omba maarifa, kwa sababu hayo anaweza kukupa papo hapo.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Masomo yaliishia wapi?"

"Nilimaliza stashahada ya ugavi, Baba Mdogo. Naomba dakika chache tu, nijifunze kwako. Mtu wa ngazi yangu kwenye kampuni kama ya kwenu huanzia wapi? Na wanatangaza wapi nafasi zao?"

Swali kama hilo halimbani. Atakueleza, na katika kueleza atakuwa ameanza kukufikiria. Akikuuliza una wasifu, utoe uliokamilika, ule ulioandika asubuhi za Novemba mvua ikinyesha. Akiondoka Januari, mtumie ujumbe wa shukrani wa mistari mitatu, halafu mwezi mmoja baadaye umwambie ulivyoutumia ushauri wake. Watu huwasaidia wale wanaoona ushauri wao umefanyiwa kazi.

Moyo ukishuka kweli

Yote haya yanamhusu mtu aliyechoka na kuvunjika moyo kwa kawaida. Kuna hali nyingine ambayo ratiba na kikundi havitoshi. Ukiona kwa wiki mbili au zaidi huna hamu ya chochote, hata ulivyovipenda, usingizi umekimbia au umezidi mno, chakula hakipiti, unajiona huna thamani, au mawazo ya kufa yanakujia, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Mwambie mtu unayemwamini leo hii, na mwende pamoja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapo Bukoba, au kituo cha afya kilicho karibu. Mawazo ya kufa hayangoji wiki mbili. Hayo ni ya kwenda siku hiyo hiyo. Kuumwa si uvivu, na aliyekwenda hospitali hajashindwa na maisha.

Kazi ya sura hii

Kwanza, leo jioni chora mistari miwili kwenye daftari na ugawe shughuli zako zote za wiki kati ya za mvua na za jua. Jambo lisilojulikana liko upande gani, bado hujalielewa vizuri.

Pili, taja wenzako wawili wa asubuhi, uwapigie simu kabla hujalala, na mkubaliane siku na nyumba.

Tatu, andika majina ya watu kumi wa pembeni, ambao hujaonana nao tangu masika. Wiki hii zungumza na wawili. Acha wawili wengine kwa ajili ya Desemba, na anza sasa kuandika utakachowauliza.

Nne, futa kauli ya "leo imeshaharibika". Mvua ikikatika saa nne na nusu, bado una saa tano, na ofisi uliyokuwa unaiwahi saa moja na nusu huenda ina foleni fupi kuliko asubuhi, kwa sababu wenzako wengi wamebaki kitandani.